Kaniki na neno "mtu"

Siti binti Saad alizaliwa Fumba, kusini-magharibi mwa Unguja, mnamo 1880, akaitwa Mtumwa. Wazazi wake walikuwa wa asili ya utumwa, na utumwa wenyewe ulifutwa Zanzibar kwa sheria mwaka 1897, yeye akiwa mwari. Alichuuza vyungu vya mama yake, akahamia mjini 1911, akaimba taarabu. Sifa zilipovuma, mahasidi wakamtungia shairi la kumchamba. Akawajibu kwa shairi.

Lile la mahasidi ni fupi, na nguvu yake imo katika kina cha mwisho, -ni. Maneno yetu ya kuulizia mengi huishia hapo: lini, nini, nani. Basi mtungaji akauliza tangu lini huyu amekuwa mtu, na bila sauti angekula nini. Katikati akaitia kaniki, kile kitambaa cheusi cha bei ndogo ambacho mjini kilimtambulisha mtumwa na mtu wa shamba. Anayeulizwa hivyo hutegewa ajitetee: ataje ukoo, aonyeshe nguo.

Jibu halijitetei. Kila mshororo umekatwa kwenye mizani ya sita, mwimbaji avute pumzi, kisha sita nyingine zikatua kwenye -li. Vina vya kati havikufungwa, na mimi sioni kasoro: sikio linaachwa huru hadi mwisho, kama mtu anayezungumza taratibu barazani. Hamna swali, hamna jina la mtu, hamna "mimi". Kaniki haikanushwi wala haitajwi. Uzuri wa sura na ukubwa wa nasaba vinawekwa kando, na upungufu wa binadamu unapimwa kwa akili.

Wapo wanaousikia hapo unyenyekevu. Mimi nasikia hasira iliyotulizwa kwa ufundi, maana Siti amelichukua neno lile lile alilonyimwa, "mtu", akalirudisha likiwa la kila binadamu, mwenye jadi na asiye nayo. Mahasidi waliuliza kama yumo. Yeye anazungumza akiwa tayari ndani.

Na walikwisha kumjibia wenyewe bila kukusudia. Siti ni jina la heshima, maana yake bibi, alilopewa ukubwani. Mtumwa wa Fumba hakuwa na wa kumtungia shairi. Ili matusi yawafikie wasikilizaji, ilibidi yaanze kwa kumwita Siti.