Tumbo Liumalo Si Ushahidi wa Sumu

Malalamiko ya aina hii si mageni kwetu, katika mitaa ya Bujumbura na njiani kuelekea Gatumba: mtu mzima amedhoofika, viganja vimepauka, anahema akipanda mwinuko mdogo, na tumbo linamchoma usiku. Jamaa hukaa kikao, wakahesabu nyumba alizokula, na mwishowe jirani mmoja akatajwa kuwa amemlisha sumu. Tufikapo hukuta umati mlangoni pa mtuhumiwa, ilhali mgonjwa mwenyewe hajapimwa hata damu.

Sumu zipo, nasi hatupuuzi shtaka lolote. Lakini upo ugonjwa wa kawaida uletao dalili hizohizo.

Husababishwa na bakteria aitwaye Helicobacter pylori, akaaye katika utando wa tumbo. Huingia mwilini aghalabu utotoni, na wengi huishi naye bila kuhisi lolote. Zamani vidonda vya tumbo vilihesabiwa kuwa matokeo ya mawazo na pilipili. Mwaka 1982, mjini Perth, Australia, madaktari Barry Marshall na Robin Warren walifaulu kumwotesha bakteria huyo maabarani. Mwaka 1984 Marshall alimnywa kwa makusudi, akaugua tumbo baada ya siku chache. Wote wawili walipewa Tuzo ya Nobel mwaka 2005.

Yahusianaje na damu? Mwili hutengeneza damu kwa madini ya chuma. Chuma kilichomo katika maharage na lengalenga huhitaji asidi ya tumbo ili kifyonzwe, na uvimbe wa muda mrefu huipunguza asidi hiyo. Kidonda nacho huvuja, pengine kidogokidogo bila kuonekana. Ndiyo maana mtu aweza kumeza vidonge vya chuma miezi mingi na damu isipande.

Himoglobini iliyo chini ya gramu 13 kwa desilita kwa mwanamume, au 12 kwa mwanamke asiye mjamzito, ni upungufu wa damu. Malaria, safura na hedhi nyingi huuleta pia, hivyo daktari hachagui sababu kwa kukisia. Bakteria huyu hutafutwa kwa kupima choo au pumzi. Kipimo cha damu chaweza kuendelea kumwonyesha hata baada ya kupona.

Tiba huunganisha antibiotiki mbili au zaidi na dawa ya kupunguza asidi, kwa kawaida kwa siku 14. Hapa twagusa biashara tuionayo pande zote mbili za mpaka: vidonge vya rejareja, visivyo na pakiti wala tarehe. Anunuaye vya siku tatu na kuacha apatapo nafuu humzoesha bakteria dawa. Wapakiaji mizigo wamezao diklofenaki kila jioni kwa ajili ya mgongo nao hulichubua tumbo pasipo kujua.

Atapikaye damu, azimiaye, au atoaye choo cheusi kama lami apelekwe hospitalini siku hiyohiyo. Vidonge vya chuma navyo hutia choo weusi, basi mwelezeni daktari kila kinachotumiwa. Na anayeshuku sumu aje kwetu, ila mgonjwa atangulie hospitalini: vipimo vilivyochukuliwa mapema na wahudumu wa afya vyaweza kutusaidia kujua kama sumu ilikuwapo, na umati hauwezi.