SHERIA MOJA, MIZIGO TOFAUTI



Mji wetu wa Ujiji umejengwa na watu wa asili nyingi. Wapo Waha, wapo Wabembe wa kandokando ya ziwa, na wapo Wamanyema ambao babu zao walivuka kutoka Kongo katika karne ya 19. Je, serikali inapotunga sheria, wote hawa huguswa sawasawa?

Ibara ya 13 ya Katiba ya mwaka 1977 inasema watu wote ni sawa mbele ya sheria, na inakataza ubaguzi wa kabila, dini au mahali mtu alipotoka. Hilo ni jema. Lakini sheria moja huweza kumlemea mmoja kuliko mwingine.

Tuchukue mfano wa uraia. Tanganyika ilipopata uhuru tarehe 9 Desemba 1961, aliyezaliwa nchini alipata uraia moja kwa moja ikiwa angalau mzazi wake mmoja naye alizaliwa humu nchini. Kwa watu wa Dodoma sharti hili lilikuwa jepesi. Kwa mtoto wa Ujiji ambaye baba na mama wote walizaliwa ng'ambo ya ziwa, lilikuwa zito. Hadi miaka yetu hii watu wa Kigoma wamelalamika kuwa wakiomba pasipoti au kitambulisho cha taifa huulizwa habari za babu na bibi kuliko wenzao wa mikoa mingine.

Sera pia huweza kuondoa mzigo. Warundi waliokimbia mauaji ya mwaka 1972 waliwekwa Ulyankulu, Katumba na Mishamo. Mwaka 2007 walipewa hiari ya kurudi kwao au kuomba uraia. Vyeti vilichelewa kwa kuwa walitakiwa kwanza kuhamia mikoa mingine. Kuanzia Oktoba 2014 vilitolewa, na watu zaidi ya 160,000 wakawa Watanzania.

Na mashirika ya misaada je? Sheria ya Wakimbizi ya mwaka 1998 inamtaka mkimbizi awe na kibali ndipo atoke kambini. Kwa hiyo aliyeko Nyarugusu, wilayani Kasulu, hutegemea sana misaada. Mwaka 2017 serikali ilisimamisha mpango wa WFP wa kuwapa wakimbizi fedha taslimu wanunue chakula wenyewe. Mtoaji alikuwepo na mhitaji alikuwepo, lakini njia ilifungwa. Kulinda mpaka ni wajibu wa serikali. Ila mwenye kubeba gharama yake asisahauliwe.

Tufanye nini basi? Waulizeni wazee wenu walizaliwa wapi na lini, muandike. Fuatilieni vyeti vya kuzaliwa mapema, msingoje siku ya safari. Suratul Baqarah aya ya 282 inatufundisha kuandika madeni ili haki ya mtu isipotee. Basi na haki ya uraia nayo iandikwe.

Wabillahi tawfiiq.