Los Angeles: Duka kubwa la mwaka 1930 sasa ni nyumba 147

Kwenye barabara ya Broadway, katikati ya mji wa Los Angeles nchini Marekani, kuna jengo la rangi ya feruzi lenye saa kubwa inayoonekana kutoka mbali. Juu ya saa hiyo kumeandikwa neno moja kwa taa: EASTERN. Jengo lilikuwa duka la nguo na vyombo vya nyumbani. Leo watu wanalala humo, wanapika humo, na nyumba zilizo ndani huuzwa moja moja, kila moja na hati yake.

Jengo hilo linaitwa Eastern Columbia. Lilifunguliwa mwezi wa tisa mwaka 1930, na aliyelichora ni Claud Beelman. Wakati ule mji ulikataza majengo kupita futi 150, yaani karibu mita 46, lakini mnara wa saa uliruhusiwa kupanda zaidi. Lina etaji 13, na ukuta wake wa nje umefunikwa vigae vya udongo wa kuchomwa.

Broadway ndiyo ilikuwa barabara ya kununulia na ya sinema. Baada ya Vita Kuu ya Pili watu wenye uwezo walihamia pembezoni mwa mji, magari na barabara kubwa zikawafuata, na ofisi nazo zikahamia majengo mapya upande wa magharibi. Wanunuzi wenye asili ya Mexico na Amerika ya Kati ndio waliobakiza uhai wa Broadway. Hata hivyo maduka ya chini yaliendelea kuuza huku etaji za juu zikibaki tupu, vumbi tu na njiwa.

Mwaka 1999 mji ulipitisha sheria mpya. Mwenye jengo la zamani la biashara aliruhusiwa kuligeuza makazi bila kulazimishwa masharti yote ya jengo jipya, hasa lile la kutafuta nafasi za kuegesha magari, ambalo peke yake lilikuwa likiua miradi mingi. Ila kuhusu moto na matetemeko ya ardhi hakuna aliyesamehewa. Eastern Columbia ikageuzwa miaka michache baadaye, ikatoa nyumba 147 na bwawa la kuogelea juu ya paa.

Nyumba za namna hii huitwa loft. Zilianzia New York, ambako wasanii wa mtaa wa SoHo walihamia viwanda vilivyoachwa, wengi wao kinyume cha sheria. Ukiingia unakuta dari iko juu sana, madirisha makubwa, nguzo za zege wazi, na kuta za ndani chache. Kitanda kinaonana na jiko. Kwa mtu mmoja au mume na mke ni raha. Kwa familia ya kwetu, yenye watoto na mgeni aliyekuja wiki mbili akakaa miezi sita, sijui wangelalia wapi.

Jambo linalonivutia zaidi ni umiliki. Unanunua nafasi iliyo ndani ya kuta zako. Paa, asanseri, mabomba makubwa, saa ile na vigae ni vya wote. Kila mwezi kila mwenye nyumba analipa mchango kwa chama cha wamiliki, na kama kitu kikubwa kimeharibika na akiba haitoshi, wanachangishwa tena. Hata anayekaa etaji ya pili na hajawahi kupanda kwenye bwawa analipa. Na kwa kuwa jengo limetangazwa urithi wa mji, huwezi kubadili dirisha la mbele kwa sababu tu umechoka nalo. California ina sheria, Mills Act ya mwaka 1972, inayompunguzia kodi ya nyumba mwenye jengo la kihistoria anayeweka mkataba wa kulitunza.

Wakaaji wa Bukavu watalielewa suala hili haraka. Majengo ya wakati wa Wabelgiji kwenye avenue Lumumba yana maduka chini na watu juu. Paa likivuja, nani anatengeneza?

Los Angeles nayo haijamaliza yake. Mashariki ya Broadway kuna mtaa wa Skid Row, ambako maelfu ya watu hawana makao na wengi wanalala kwenye mahema. Bei za katikati ya mji zilipoanza kupanda, hofu ikawa kwamba hoteli za zamani, zile zinazopangisha chumba kwa maskini kwa wiki au mwezi, zitageuzwa nazo. Mwaka 2006 mji ulisimamisha kazi hiyo kwa muda, na mwaka 2008 ukapitisha sheria ya kudumu: anayetaka kubomoa au kugeuza vyumba hivyo lazima avirudishe mahali pengine au alipe.

Kutoka mlango wa Eastern Columbia hadi mahema ni mwendo wa karibu robo saa kwa miguu.