Mahame Yasiyo na Kuta

Ukisafiri kwa barabara ya Mwanza kwenda Musoma, ukiipita Magu na kuingia Busega, majina ya vijiji na kata yanaanza kufanana: Mwa- huyu, Mwa- yule. Mwamanyili ni mojawapo. Silabi hiyo ya mwanzo, ambayo Msukuma huitamka Ng'wa-, maana yake ni "kwa fulani". Kabla hujashika sururu, jina limeshakupa ushahidi: palikuwa na mtu, alikaa hapa, na waliomfuata walikuwa wengi kiasi kwamba ardhi ikaitwa kwa jina lake.

Shida inaanza unapoitafuta nyumba yake.

Wengi wetu tumezoeshwa kudhani kuwa akiolojia ni mawe. Tunaonyeshwa msikiti wa Kilwa Kisiwani, tunapiga picha, tunarudi nyumbani. Au tunasoma habari za St Kilda, visiwa vya mbali magharibi mwa Uskoti, ambako wakazi 36 wa mwisho, wasemaji wa Kigaeli, walihamishwa tarehe 29 Agosti 1930. Nyumba zao bado zimejipanga kando ya njia yao moja, na vibanda vya mawe walimokaushia nyama ya ndege vimezagaa mlimani, zaidi ya elfu moja. Mtafiti akifika pale anahesabu milango. Usukumani ahesabu nini? Msonge wa miti, udongo na nyasi ukikosa mtu wa kuutunza, mchwa huumaliza, na mvua za masika hufuta kilichobaki.

Tena kaya yenyewe haikujengwa ili idumu mahali pamoja. Ardhi ikichoka, malisho yakipungua, vifo vikifuatana, familia ilihama, pengine mwendo wa nusu saa tu. Mahali palipoachwa paliitwa itongo. Kiswahili nacho kinalo neno matongo, jirani wa mahame, na kwa maoni yangu ni neno zuri kuliko "magofu", kwa sababu gofu linadai ukuta na tongo halidai.

Basi tazama mimea kwanza. Minyaa hupandwa kwa kuchomeka tawi ardhini. Utomvu wake mweupe unachoma macho, ng'ombe hawaisogelei minyaa, na ndiyo maana ilifaa kuzungushia kaya na zizi. Mwenye kaya akihama, minyaa haihami naye. Inabaki pale ikirefuka bila mtu wa kuikata. Ukiona mduara wa minyaa mirefu katikati ya shamba la pamba, umesimama mlangoni pa mtu.

Kisha tazama udongo. Zizi lililotumika miaka mingi huacha tabaka la samadi, na jalala huacha majivu. Vyote viwili huongeza fosforasi, na hiyo haichukuliwi na mvua kwa urahisi. Mwanaakiolojia hupeleka sampuli maabara. Mkulima hana haja hiyo, kwani anaona mahindi ya hapo yana kijani tofauti. Sijui kwa nini tunachelewa sana kumuuliza mkulima.

Mwisho ndipo tunafika kwenye mawe, nayo si ya ukuta. Ni mawe ya kusagia, mazito mno kubebwa safarini, yenye tumbo lililolika kwa vizazi vya mtama na uwele. Pembeni yake huwa kuna vigae. Vigae ndivyo vinavyotupeleka mbali zaidi. Kuzunguka Ziwa Victoria, wataalamu wanatofautisha vyungu vya Kansyore, vilivyopewa jina la kisiwa kidogo cha mto Kagera na vilivyofinyangwa na watu wa uvuvi na uwindaji, na vya Urewe, vilivyopewa jina la mahali huko Siaya, Kenya. Vya Urewe, vinavyohusishwa na wakulima na wafua chuma, vilianza kuonekana miaka kama 2,500 iliyopita. Baadhi vina kishimo kitakoni, kama mfinyanzi alikibonyeza kwa kidole. Kipande kimoja chenye kishimo hicho kinatosha kumfanya mtafiti apige magoti.

Tabaka la juu kabisa, hata hivyo, wapo wanaolikumbuka wenyewe. Novemba 1973 Mwalimu Nyerere alitangaza kwamba hadi mwisho wa 1976 kila mtu awe anaishi kijijini. Operesheni Vijiji ikapita Usukumani mwaka 1974. Kaya zilizokuwa zimetawanyika, kila moja na minyaa yake, zikasogezwa kwenye viwanja vilivyopimwa kwa mistari, na mahali pengine nchini nyumba za zamani ziliezuliwa paa ili wenyewe wasirudi. Mtafiti wa kesho atakuta ramani mbili zimelaliana: mistari iliyonyooka kando ya barabara, na miduara iliyotapakaa mashambani.

Akitaka kujua ipi ilitangulia, hatahitaji kaboni 14 peke yake. Na amwendee bibi mwenye umri wa kutosha, amwombe watembee pamoja asubuhi kabla ya jua kali. Bibi atasimama mahali ambapo mgeni anaona magugu tu, atanyoosha fimbo, na kusema mlango ulikuwa huku, zizi lilikuwa kule, na jiwe la mama yake liko chini ya ule mnyaa wa tatu.