Utambuzi wa Hitilafu katika Koili ya Tesla ya Hali Mango Iliyoundwa Nyumbani: Nafasi ya Ethi katika Ardhi Kavu ya Kongwa

1.0 Utangulizi

Koili ya Tesla ni transfoma ya masafa ya juu inayozalisha volti kubwa kiasi cha kurusha cheche hewani. Nikola Tesla aliibuni mwaka 1891, na mwaka 1899 aliijenga kwa ukubwa wa kipekee katika maabara yake ya Colorado Springs, Marekani. Koili za wakati huo zilitumia mwanya wa cheche kama swichi. Katika koili ya hali mango, kazi hiyo hufanywa na transista. Mabadiliko hayo yamewezesha koili kuundwa juu ya meza ya kawaida, lakini yameleta pia hitilafu ya aina mpya: transista huungua ghafla, mara nyingi katika sekunde ya kwanza ya jaribio, bila kuacha alama inayoonesha chanzo.

Makala hii inajenga hoja kwamba transista iliyoungua ni matokeo ya hitilafu, wala si chanzo chake. Kuibadilisha kabla ya kukitafuta chanzo ni kuandaa nyingine iungue. Aidha, inaoneshwa kwamba katika mazingira makavu kama ya Kongwa, mkoani Dodoma, udongo wenyewe ni sehemu ya sakiti, na hauna budi kupimwa kama sehemu nyingine.

2.0 Muundo wa Sakiti

Umeme wa gridi nchini Tanzania ni mkondo geu wa volti 230 na hezi 50. Ukipitishwa katika daraja la daiodi na kuhifadhiwa kwenye kapasita, hutoa mkondo mnyoofu wa volti zipatazo 325. Transista mbili aina ya mosfeti, zilizopangwa kama nusu daraja, huukatakata mkondo huo kwa kupokezana na kuupeleka katika koili ya msingi yenye mizunguko michache. Koili ya pili, yenye mizunguko mamia kadhaa au zaidi, huitikia kwa nguvu pale tu inapoendeshwa kwa masafa yake asilia.

Masafa hayo hutegemea uinduktishaji wa koili na ukapasita wake. Kwa mfano, koili ya pili yenye milihenri 20 na ukapasita wa pikofaradi 15 ina masafa asilia ya takribani kilohezi 290. Ukapasita ukiongezeka kwa pikofaradi 2 tu, pengine kwa sababu mtu amesogea karibu au cheche imerefuka, masafa hushuka hadi kilohezi 273 hivi. Kwa sababu hiyo, miundo mingi haitumii kizalishi chenye masafa yasiyobadilika. Antena ndogo hudaka uga wa koili ya pili, na ishara yake hurudishwa katika sakiti ya kuendesha. Kwa njia hiyo, koili hujichagulia masafa yake yenyewe.

3.0 Mpangilio wa Utambuzi

Kanuni ya msingi ni kuanza na sehemu yenye nishati ndogo na kuishia na yenye nishati kubwa. Kila hatua ithibitishwe kabla ya kuiendea inayofuata.

3.1 Usalama

Kapasita ya mikrofaradi 1000 iliyochajiwa kwa volti 325 hubeba juli 53 hivi, kiasi kinachoweza kuua hata baada ya plagi kuchomolewa. Resista ya kilo-omu 47 yenye uwezo wa wati 5 inapaswa kufungwa sambamba na kapasita hiyo daima. Hata hivyo, huchukua takribani dakika 4 kuishusha hadi volti 2, na kabla ya kugusa chochote multimita ndiyo inayopaswa kuthibitisha. Vilevile, sakiti hii haijatenganishwa na gridi. Klipu ya ethi ya osiloskopu ikiunganishwa nayo moja kwa moja, hufanya shoti kupitia waya wa ethi wa jengo. Transfoma ya kutenganisha ni ya lazima kabla ya kipimo hicho.

3.2 Sakiti ya kuendesha

Volti kubwa ikiwa imekatwa kabisa, sakiti ya kuendesha hupewa volti zake 12 au 15 pamoja na ishara ya majaribio mahali pa antena. Wimbi kwenye kila geti linapaswa kuwa la mraba, lenye kupanda na kushuka kwa haraka. Mosfeti kama IRFP460 haivumilii zaidi ya volti 20 kati ya geti na sosi; miruko inayokaribia kiwango hicho huashiria resista ya geti isiyofaa au nyaya ndefu mno. Mawimbi ya mageti mawili lazima yapingane. Yakienda pamoja, transista zote mbili hufunguka kwa wakati mmoja na kuifanyia kapasita shoti. Tiba yake ni kugeuza ncha za upande mmoja wa transfoma ya mageti.

3.3 Nusu daraja

Baada ya hapo, nusu daraja hujaribiwa kwa volti 30 hivi, huku balbu ya nyuzi ya wati 100 ikifungwa katika mfululizo na umeme unaoingia. Balbu hiyo huzuia mkondo usizidi kiasi cha nusu ampea. Ikifika hatua ya kupandisha volti na balbu ikawaka kwa nguvu zote papo hapo, kuna shoti, na transista husalimika. Balbu za kisasa za LED hazifai kwa kazi hii.

3.4 Mrejesho

Iwapo hatua zote zimefaulu lakini hakuna cheche, jambo la kwanza la kushukiwa ni mwelekeo wa mrejesho. Ishara ikirudi kinyume, kila msukumo huua mtetemo badala ya kuukuza. Kubadilishana ncha mbili za koili ya msingi hutosha kuthibitisha dhana hiyo.

4.0 Ethi katika Ardhi ya Kongwa

Ncha ya chini ya koili ya pili inahitaji njia ya kurudishia mkondo wa masafa ya juu. Njia hiyo ikiwa mbovu, volti hupanda kwenye kitako cha koili, cheche huruka kuelekea koili ya msingi, na mkondo hutafuta njia kupitia nyaya za jengo. Dalili hizo hufanana sana na za transista dhaifu, na ndiyo sababu ya watu wengi kukosea.

Kongwa hupata msimu mmoja wa mvua, takribani Desemba hadi Aprili, kisha ukame wa miezi mingi. Mradi wa karanga ulioanzishwa na serikali ya Uingereza mwaka 1947 ulikumbana na udongo uliokauka na kuwa mgumu mno kwa mashine, na ukaachwa mwaka 1951. Vifaa vililetwa kabla ardhi haijaeleweka. Mundaji wa koili anaweza kurudia kosa hilo kwa kiwango kidogo.

Mahesabu yanadhihirisha hali hiyo. Nondo ya ethi yenye urefu wa mita 1.5 na kipenyo cha milimita 16 huwa na ukinzani wa omu 60 hivi katika udongo wenye ukinzani mahususi wa omu-mita 100. Udongo huohuo ukikauka hadi kufikia omu-mita 1000, ukinzani hupanda hadi karibu omu 600. Kwa hiyo, koili iliyofanya kazi vizuri mwezi Machi inaweza kusumbua mwezi Septemba bila kipuri chochote kuharibika.

Kumwagilia maji na kuongeza nondo husaidia kwa muda. Suluhisho thabiti zaidi ni kutandaza wavu wa chuma au bati pana chini ya koili na kuliunganisha na kitako cha koili ya pili, ili mkondo urudi kwa njia ya ukapasita badala ya udongo. Waya wa ethi wa jengo usitumike kwa kazi hiyo, kwa kuwa utasambaza mkondo huo katika vifaa vingine.

5.0 Hitimisho

Utambuzi wa hitilafu katika koili ya Tesla ya hali mango unategemea mpangilio kuliko wingi wa vipuri. Usalama hutangulia, kisha mageti, nusu daraja, mrejesho, na hatimaye ethi. Mundaji anayeifuata safu hiyo hufahamu ni kwa nini transista yake iliungua kabla ya kununua nyingine. Kwa Kongwa na maeneo mengine makavu ya uwanda wa kati, rekodi ya majaribio iandikwe pamoja na mwezi na hali ya udongo, kwani bila taarifa hizo matokeo ya majaribio mawili hayawezi kulinganishwa kwa haki.