Ujazo wa Kweli wa Injini Iliyoundwa Upya

Gari la zamani aina ya Land Rover linapofikishwa kwa fundi wa Kashaulili, mjini Mpanda, huenda injini yake imekwisha kufumuliwa na kuundwa upya zaidi ya mara moja. Kadi ya gari yasema ujazo ni sentimita za ujazo 2286. Muuzaji ashikilia kuwa ni 2500. Ni nani asemaye kweli? Jawabu limo ndani ya silinda, nalo hupatikana kwa hesabu ya shule ya sekondari.

Maana ya ujazo

Ujazo wa injini ni nafasi inayopitiwa na pistoni zote zinaposafiri kutoka kikomo cha juu hadi kikomo cha chini. Chumba cha kuunguzia mafuta kilicho juu ya pistoni hakihesabiwi. Hivyo hutakiwa mambo matatu tu: kipenyo cha silinda (d), mwendo wa pistoni (m) na idadi ya silinda (n).

Ujazo = 0.7854 × d² × m × n

Injini ya petroli iliyotajwa katika kadi ilitoka kiwandani na silinda 4, kipenyo cha milimita 90.47 na mwendo wa milimita 88.9. Kwa sentimita: 0.7854 × 9.047² × 8.89 × 4 = 2286.

Kazi ya vumbi

Kwa miaka mingi barabara za kutoka Mpanda zilikuwa za udongo. Vumbi lipenyalo kichujio cha hewa husaga ukuta wa silinda, hasa karibu na juu, mahali ringi zinapogeukia. Silinda hupoteza mviringo wake, na fundi hana budi kuikereza na kutia pistoni kubwa zaidi. Ikikerezwa inchi 0.040, yaani milimita 1.016, ujazo hupanda hadi 2338. Nyongeza ni 52 tu.

Ili kuifikia 2500 kwa ukerezaji peke yake, kipenyo kingepaswa kuwa karibu milimita 94.6, ni kuondoa zaidi ya milimita 4. Hata hivyo, muuzaji si lazima awe mwongo. Katika miaka ya 1980 kiwanda hicho hicho kilitoa injini ya petroli yenye kipenyo kile kile cha 90.47, lakini mwendo wa milimita 97. Ujazo wake ni 2494. Apimaye kipenyo peke yake hawezi kuzitofautisha injini hizi mbili.

Jinsi ya kupima

Hedi ikisha kufunguliwa, pistoni hupandishwa hadi juu kabisa, na kina kutoka uso wa bloku hadi kichwa cha pistoni hupimwa. Kisha hushushwa hadi chini kabisa, na kina hupimwa mahali pale pale. Tofauti ya vipimo hivyo ndiyo mwendo. Kipenyo hupimwa katika silinda yenyewe, si katika pistoni, kwani pistoni ni ndogo kidogo. Yapasa kupima kwa uangalifu: kosa la asilimia 1 katika kipenyo huzaa kosa la asilimia 2 katika ujazo, kwa sababu kipenyo huzidishwa kwa chenyewe.

Aagizaye pistoni au krenkishafti kutoka mbali kwa kuiamini kadi tu aweza kupoteza fedha na safari. Mwalimu naye aweza kuomba bloku kuukuu gereji, awaachie wanafunzi waipime, kisha walinganishe jawabu lao na kadi.