Utelezi wa Mawe ya Wagenia

Maji ya mto Kongo yakipungua pale Wagenia, Kisangani, mawe hutokeza chini ya miti ya mitego ya samaki, na juu yake kuna utelezi wa kijani. Ukikanyaga bila kuangalia, umeanguka! Utelezi huo ni mwani: viumbe wadogo wasioonekana mmoja mmoja, wanaotumia jua kujitengenezea chakula.

Lakini jua lina miale mingine ambayo macho hayaioni, miale ya urujuanimno. Kisangani iko jirani na ikweta. Mwishoni mwa Machi na Septemba, jua la saa sita mchana husimama utosini, na miale hiyo hushuka wima kwa nguvu zake zote.

Ikiupiga mwani, inavuruga mitambo yake ya kunasa mwanga. Elektroni zilizokuwa zikipokezana kazi humo ndani zinaponyoka na kurukia oksijeni, kama cheche za makaa zinavyoruka kutoka jikoni. Oksijeni hiyo inageuka kali, ikaitwa superoksaidi. Inakwangua utando wa seli, inaharibu protini, hata DNA. Ukali ukiishinda seli, wataalamu wanasema ina msongo wa oksidisho. Kijani kinafifia, mwani unakufa.

Je, mwani unakaa tu kungoja kifo? Wapi! Una vimeng'enya vya kuutetea. Kimoja kinaigeuza superoksaidi kuwa peroksaidi ya hidrojeni. Hiyo nayo bado ni hatari, basi katalasi inaipokea na kuivunja, yakabaki maji na oksijeni ya kawaida. Kuna mwani wa vidimbwi vya mvua, Haematococcus, ambao jua likiuzidi hujijaza rangi ya kujikinga, dimbwi likawa jekundu.

Mwani ulio ndani ya mto una nafuu. Majani ya msituni yanayooza huyatia maji rangi ya kahawia, na rangi hiyo humeza miale kabla haijafika chini.

Kwa ukali huohuo wa miale ya jua watu huua vijidudu vya maji ya kunywa. Jaza maji kwenye chupa ya plastiki isiyo na rangi, ilaze juani kwa muda wa saa sita nzima. Siku ya mawingu, iache siku mbili. Ila maji ya mto yachuje kwanza mpaka yawe meupe, kwa sababu tope linalozuia miale litavikinga vijidudu.